Fundi Hana Pa Kukaa: Vifaa Vinavyotoweka na Maduka Yanayobadilika Unguja

Muhula uliopita darasani kwetu tulibishana sana juu ya zana za kufundishia. Kauli tuliyoanza nayo ni ile ya siku zote, kwamba zana bora ni kitu ambacho mtoto anakijua kutoka kwao. Tukaanza kutaja: mbuzi ya kukunia nazi, chemli, redio ya betri, mizani ya mawe, pasi ya mkaa, kaseti. Mwenzetu mmoja kutoka Makunduchi akauliza: hivi vitu mnavyovitaja, nani kati yenu anavyo kwao? Tulikuwa zaidi ya thelathini. Mikono iliyonyanyuka mingi ilikuwa ya mbuzi, na hata hao wengine walikiri kuwa mbuzi iko stoo, nazi siku hizi wanakuniwa kwa mashine sokoni.

Jibu la haraka tulilolitoa siku ile ni kwamba simu imevimeza vitu vyote. Ni kweli kwa sehemu. Simu moja sasa ni saa, tochi, kikokotoo, kamera, redio, kalenda na santuri. Lakini simu haikuni nazi, haipigi pasi wala haipimi sukari, na bado vifaa vya kazi hizo navyo vinaondoka. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu wakati ule, na nadhani kuna sababu nyingine ambayo hatuitazami kwa kuwa imo kwenye kuta. Namna tunavyojenga maduka imebadilika, na katika michoro mipya kuna mtu mmoja hajachorewa nafasi, naye ni fundi. Kifaa kisicho na fundi hakina umri mrefu.

Duka lenye baraza

Tuanze na duka lenyewe. Ukipita Mkunazini, Hurumzi au Malindi utaona nyumba za maduka za zamani, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa Kihindi: chini duka, juu makaazi. Mlango wa duka la namna ile ni wa mbao, wa vipande vinavyokunjwa, na ukishakunjwa sehemu ya mbele inabaki wazi. Sakafu imenyanyuliwa kidogo juu ya njia. Mbele yake kuna baraza.

Baraza tumezoea kuisifia kwa gumzo, kahawa na bao. Wanaoishi Mji Mkongwe wanajua na kazi nyingine: mvua za masika zikijaza njia, watu hupita juu yake. Mimi nataka muitazame kwa jicho la hesabu. Baraza ni sehemu ya jengo ambayo kwa kawaida haikodishwi. Mwenye duka la vitambaa halipishi kodi ya mita ile moja ya jiwe, kwa hiyo mtu ambaye kipato chake hakiwezi kulipia duka anaweza kukaa pale: muuza kahawa, mshona viatu, fundi saa, fundi redio. Kodi yake hulipwa kwa njia nyingine. Anamlindia mwenye duka mlango akienda kuswali, anampokelea mzigo, anamtengenezea feni bure.

Fundi anahitaji kitu kimoja zaidi ambacho watu wengi hawakijui mpaka wamkalie karibu, nacho ni takataka. Sisemi kwa kejeli. Lile boksi la redio zilizokufa, pasi zisizo na waya na feni zisizo na mapanga ndilo ghala lake la vipuri. Redio hii inatoa spika, ile inatoa kishikio cha betri, ya tatu inatoa skrubu. Fundi aliyeambiwa "safisha hapa" amenyang'anywa nusu ya kazi yake.

Maduka yetu hayakuwa ya aina moja tangu mwanzo, na sitaki msomaji adhani nalilia zama fulani za dhahabu. Majina yenyewe yanasimulia mabadiliko. Sokomuhogo leo hakuna soko la muhogo. Darajani hakuna daraja. Lilikuwepo juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, mkono ambao baadaye ulifukiwa. Marikiti ya Darajani ilijengwa 1904, na naamini wako wazee wa wakati ule walionuna kuona wauza samaki wanaingizwa chini ya paa moja. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964, na wakati wa Mzee Karume yakaanza kunyanyuka majumba marefu ya Michenzani. Katika miaka ya themanini, biashara ilipolegezwa, wafanyabiashara wetu wakaanza safari za Dubai. Kontena zikaleta redio kaseti, televisheni, feni na mafriji, mengi yakiwa yameshatumika. Ukitaka kujua kwa nini Unguja ilipata mafundi wengi wa umeme barabarani, jibu moja ni hilo: bidhaa zilizotumika zinafika zikiwa na ugonjwa ndani, na daktari anapata kazi siku ya kwanza.

Duka lililogeuka ndani

Jengo la maduka kama tunavyolijua leo lina mwaka na mahali lilipoanzia. Mwaka 1956, katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota, Marekani, lilifunguliwa Southdale Center. Mchoraji wake alikuwa Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka 1938. Minnesota wakati wa baridi watu hutembea juu ya theluji, kwa hiyo Gruen aliyaweka maduka chini ya paa moja, akayageuza yatazame ndani, na hewa ya ndani ikawa ileile mwaka mzima. Nje zikabaki kuta na maegesho ya magari. Yeye mwenyewe alitaka kuwapa watu wa vitongoji mahali pa kukutana kama viwanja vya miji ya Ulaya. Walioiga mchoro wake walichukua zaidi ile sehemu ya kuuza, na uzeeni Gruen aliikana kazi hiyo waziwazi.

Mchoro huo ulisafiri. Nairobi ilipata Sarit Centre mwaka 1983. Dar es Salaam ikapata Mlimani City mwaka 2006, tena juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo wenzetu wa kule wanatoka kwenye mhadhara wanaingia kwenye kiyoyozi. Na sisi sasa tuna jengo la Michenzani lililojengwa na ZSSF, pamoja na maduka mapya ya Darajani. Vioo, marumaru, walinzi, taa zinazowaka mchana.

Unguja haina theluji. Tatizo letu ni jua, na Mji Mkongwe ulikuwa na jibu lake: njia nyembamba ambazo kivuli cha nyumba hii kinaangukia nyumba ile, kuta nene, dari za juu. Kuta za vioo zinaingiza jua na kisha zinahitaji kiyoyozi cha kulitoa. Kiyoyozi kinahitaji umeme, na umeme wetu sehemu kubwa unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari.

Hapa niwakumbushe jambo ambalo wengi wetu tulikuwa wadogo lilipotokea. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme huo. Miaka miwili kabla, 2008, tulikuwa tumeshakaa gizani kama mwezi mzima. Mimi nilikuwa na miaka sita ile mara ya pili na ninachokumbuka ni vipande tu: ndoo za maji, kwa sababu pampu nazo zilikuwa zimesimama, mngurumo wa majenereta, na karabai ikipigwa pampu uani kwetu mpaka ikalia shiii. Nilidhani karabai ni kitu kipya kimenunuliwa. Kumbe kilishushwa juu ya kabati.

Kwa somo letu ndiyo sehemu muhimu ya habari ile. Chemli, karabai, pasi za mkaa na redio za betri zilirudi kazini kwa sababu mbili: zilikuwa bado zipo juu ya makabati, na walikuwepo watu barazani wanaojua kubadilisha utambi, kuzibua sindano ya karabai na kuunga waya wa redio. Umeme baadaye uliimarishwa, ukalazwa waya mwingine mkubwa zaidi, na sisemi giza lile litarudi. Nauliza tu, likirudi, karabai utampelekea nani?

Kaseti ya Maskati

Bibi yangu mzaa mama ana dada yake aliyehamia Oman katika miaka ya sabini. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Wazanzibari wengi wenye asili ya kule walikwenda kuishi, na familia nyingi hapa zina upande mmoja Maskati. Simu ilikuwa ghali na bibi mkubwa hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa akikaa na redio kaseti, anabonyeza kitufe chekundu na kuzungumza nusu saa kama anayezungumza na mtu aliyekaa mbele yake, kisha kaseti inakuja na msafiri. Bibi anasikiliza, anajibu upande wa pili, inarudi. Zilibaki mbili nyumbani. Mwenye sauti alifariki mimi sijazaliwa, Mungu amrehemu.

Mwaka jana bibi alisema anataka kuisikia ile sauti. Kaseti ipo, deki ipo, lakini deki ukiibonyeza inaguna tu, haizungushi. Nikaichukua nikijua ni kazi ya siku moja.

Nilizunguka wiki mbili. Kwenye maduka ya vioo vijana walinipokea vizuri, wakaiangalia, mmoja akaniambia niitupe, mwingine akacheka akasema nipeleke makumbusho. Siwalaumu. Meza zao zina nafasi ya simu mbili na mashine ya kupulizia hewa ya moto, na kodi ya duka inakwenda kwa mwezi. Mtu anayekaa nusu siku juu ya deki ya bibi yangu hawezi kuilipa kodi ile.

Aliyenisaidia ni mzee muuza kahawa. Akaniambia yuko fundi alikuwa akikaa kwenye baraza ya jengo moja Ng'ambo. Mwenye jengo alilikarabati, akaweka vioo mbele, baraza ikawa ngazi ya marumaru na vyungu vya maua, na fundi akahamia uani kwake Magomeni. Hana kibao wala ukurasa mtandaoni. Ukimtaka lazima umjue anayemjua.

"Shikamoo ami," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu. Umeleta simu?"

"Hapana, nimeleta deki."

Akaweka chini kikombe chake. "Deki! Hebu nione."

Aliifungua kwa dakika tatu. Ndani kuna ukanda mwembamba wa mpira unaounganisha mota na gurudumu linalovuta utepe. Joto na unyevu wa pwani vilikuwa vimeuyeyusha, umekuwa kama lami. Akaupangusa, akaingia kwenye banda la kuku alilolifanya stoo, akatoka na msumari uliotundikwa mikanda kama hamsini, ya kila kimo, yote imetolewa kwenye mashine zilizokufa. Akajaribu ya kwanza, legevu. Ya pili, imebana. Ya tatu ikakaa. Akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, akalehemu waya wa kutolea sauti ili niirekodi kwenye simu yangu, na wakati anafanya hayo akaniambia: "Watu wanasema kazi zetu zimekwisha. Kazi ipo. Hawanijui niliko, basi."

Alinitoza shilingi elfu saba. Kaseti moja upande wa pili ulikuwa umeota ukungu na hausikiki. Tulichopata ni dakika sabini na kitu. Katika hizo bibi mkubwa anasalimu watoto kwa majina, mmoja mmoja, analalamikia joto la Maskati, kisha anauliza pweza wa Darajani sasa hivi ni shilingi ngapi. Bibi alikuwa amekaa kitandani na simu yangu mapajani. Akamjibu bei.

Nikauliza nyumba nne za jirani. Mbili wana kaseti kama hizo na hawana pa kuzichezea. Sisi hatuna hesabu ya sauti ngapi zimekaa hivyo kwenye makabati ya Unguja, na wakati tunaambiwa historia yetu imeandikwa kidogo, ile iliyorekodiwa inaota ukungu kwa kukosa mpira wa duara wa bei ya chai.

Somo ambalo lilikuwa likitolewa bure

Nimerudi kwa ami mara kadhaa, safari hizo kwa ajili ya masomo yangu. Nasomea ualimu wa Fizikia, na wakati wa mazoezi ya kufundisha nilihitaji vitu vya Kidato cha Pili ambavyo maabara ya skuli haikuwa navyo. Alinipa spika mbili, mota ya kaseti na utepe uliokatika.

Wenzangu mnaokwenda mazoezini, jaribuni hili. Shikeni spika ya redio na betri moja ya volti 1.5. Gusisheni nyaya za spika kwenye betri: karatasi ya spika inaruka nje na kutoa mlio mfupi. Geuzeni nyaya: inaruka ndani. Mwanafunzi amekwisha kuona kwamba mkondo wa umeme katika koili ulio karibu na sumaku unazaa nguvu, na kwamba mkondo ukigeuzwa nguvu inageuka. Hapo ndipo umuulize itakuwaje mkondo ukigeuka mara mia tano kwa sekunde. Darasani kwangu aliyejibu kwanza alikuwa kijana ambaye alikaa kimya muhula mzima, alisema, "Itaimba."

Kaseti nayo ina hesabu nzuri. Utepe wake hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, yaani sekunde 1,800. Zidisheni: sentimita 8,568, kama mita 86, karibu urefu wa kiwanja cha mpira, na umeviringishwa ndani ya kiboksi kinachoingia mfukoni. Upana wake haufiki milimita 4. Ile rangi ya kahawia ni unga wa oksidi ya chuma uliopakwa juu ya plastiki, na sauti ya mtu imeandikwa pale kama mpangilio wa sumaku ndogo ndogo. Watoto walitaka kuukunjua utepe uwanjani waupime. Tukaupima.

Zamani somo hili mtoto alilipata akitumwa unga. Alisimama barazani akamwangalia fundi akifungua redio, akaona sumaku ikinyonya skrubu, akauliza, akajibiwa au akafukuzwa, kesho akarudi. Hakuna aliyeliita elimu, lakini nikiwauliza mafundi wa umeme wenye umri wa baba yangu walianzia wapi, wengi wananitajia baraza fulani. Kwenye duka jipya kazi hufanywa nyuma ya kioo cheusi au chumba cha ndani. Unaacha simu, unapewa karatasi, unarudi jioni.

Yanayosemwa upande wa pili

Sasa niwe mkweli, maana najua kuna watakaosema huyu anataka turudi kwenye kibatari. Mimi ni mtoto wa kike. Baraza ninayoisifia humu kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya wanaume. Kumuona fundi ulikatiza mbele ya macho kumi, na kukaa chini umsubiri amalize hakukuwa jambo la kufikiriwa. Kwenye jengo la Michenzani naweza kukaa na wenzangu saa nzima, pana choo, na hakuna anayeniuliza mimi mtoto wa nani. Mama aliyebeba mtoto mgongoni au mtu wa kiti cha magurudumu anapita kwenye sakafu ile kwa urahisi kuliko kwenye mawe ya Mji Mkongwe. Haya si madogo, na anayezungumzia uzuri wa zamani bila kuwauliza wanawake walikaa wapi anasimulia nusu.

Vilevile fundi wa barazani alipigwa mvua, alivuta moshi wa lehemu kutwa, na wako waliokuwa wakibadilisha kipuri kizima kwa kibovu na kukutoza vyote viwili. Sioni sababu ya kupamba.

Ninachokataa ni ile fikra kwamba lazima tuchague kimoja. Jengo ni mchoro, na mchoro unachorwa na mtu aliyeamua. Aliyeamua kuweka mita mbili za kioo angeweza kuweka mita moja ya baraza chini ya paa, yenye soketi na feni ya kutolea moshi, na ikakodishwa kwa siku badala ya mwezi. Wamarekani wenyewe, waliotuletea mchoro wa Southdale, sasa wanajenga maduka yaliyo wazi, yenye njia za kutembea kwa miguu na viti nje, na wanaviita vya kisasa. Dubai nako, ambako wafanyabiashara wetu wamekwenda miaka yote, wamejenga maduka mapya yaliyoigizwa sura ya masoko ya zamani. Itakuwa kichekesho ikiwa sisi wenye baraza za kweli tutakuja kuziagizia kutoka kule.

Kuna jambo la pili ambalo mchoro wa jengo peke yake hautalitibu: vifaa vyenyewe vinaundwa visifunguke. Deki ya bibi ina skrubu nne. Simu yangu imegandishwa kwa gundi, na betri ikichoka fundi anapaswa kuipasha moto aibandue. Wenzetu wameanza kulishughulikia hili kisheria. Ufaransa mwezi Januari 2021 ilianza kulazimisha baadhi ya vifaa, simu na televisheni zikiwemo, viuzwe vikiwa na alama kati ya 0 na 10 inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kuvitengeneza. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Zanzibar haiundi simu, lakini tunaagiza makontena, na anayeagiza anaweza kuchagua.

Kinachonikera zaidi, niseme wazi, ni kuona vifaa vyetu vikipata heshima vikishakufa. Pita kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe utaona pasi za mkaa zenye jogoo, gramafoni zenye pembe, saa za ukutani, vyote vimesuguliwa vinang'aa, bei kwa dola. Hata majengo. Waya wa simu ya maandishi ulifika Zanzibar mwaka 1879 ukitokea Aden, na jengo la kampuni ya mawasiliano pale Shangani sasa ni hoteli. Ni jengo zuri na afadhali limesimama kuliko kuanguka kama Beit el Ajaib, nyumba ya kwanza Unguja kuwa na umeme na lifti, iliyoporomoka sehemu yake Disemba 2020. Lakini pasi iliyo kwenye kabati la mtalii haipigi nguo ya mtu.

Studio moja ya picha imenifundisha njia ya tatu. Capital Art Studio ya barabara ya Kenyatta ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Filamu zilipokwisha ilikuwa na kila sababu ya kuwa duka la vikapu. Walikuwa wamehifadhi picha za zamani za mji, wakawa wanazichapa na kuziuza. Kifaa kilipitwa na wakati, ujuzi na akiba yake vikabaki kazini, mahali palepale, mlango uleule.

Ombi kwa Serikali ya Wanafunzi

Nimeandika haya kwa gazeti letu kwa sababu ombi langu si kwa wizara. Amsterdam mwaka 2009 mwanamke mmoja aitwaye Martine Postma alianzisha kitu rahisi: watu wanakuja na vifaa vibovu, wanawakuta wanaojua kutengeneza, wanakaa meza moja na kutengeneza pamoja. Leo wako nchi nyingi wanaofanya hivyo. Sisi hapa chuoni tuna chaja zilizokatika, feni za hosteli zisizozunguka, laptopu zenye bawaba zilizovunjika, na wanafunzi wa ualimu wa Sayansi wanaotafuta zana za kufundishia. Kinachokosekana ni meza.

Naomba meza moja kubwa chini ya mwembe ulio karibu na kantini, turubai kwa ajili ya masika, soketi mbili, na kabati lenye kufuli. Kiti cha pili kiwekwe upande wa mteja, ili anayeleta kitu akae aangalie, na wasichana wasisimame pembeni. Nimeshamuuliza ami wa Magomeni. Anasema Jumatano anaweza kuja tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, nauli ya daladala tumlipie, na ana sharti moja ambalo amelirudia mara mbili: asije mtu wa usafi akamtupia boksi lake.